Jumbo, mwekezaji na parachichi: Rungwe ijifunze nini kwa mashirika ya ndege?

Kila msimu wa parachichi unapofika, swali moja hurudi katika vijiwe vya Tukuyu, Kiwira na Katumba. Kwa nini tunda linalovunwa Rungwe lisafirishwe kwa barabara zaidi ya kilometa 800 hadi bandari ya Dar es Salaam, na wakati mwingine hadi Mombasa, ilhali Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mwendo wa saa mbili au tatu tu kutoka Tukuyu? Uwanja huo ulifunguliwa Desemba 2012 na njia yake ya kurukia ina urefu unaozidi kilometa tatu. Wengi huamini kwamba siku shirika la taifa litakapoleta ndege kubwa Songwe, au siku atakapopatikana mwekezaji wa kigeni mwenye ndege hizo, bei ya parachichi shambani itapanda.

Matumaini hayo yanaeleweka. Lakini historia ya usafiri wa anga katika Afrika Mashariki inaonyesha mambo mawili ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kuyaweka kwenye mizani. La kwanza ni kwamba ndege kubwa isiyojaa haiwezi kuwa faida kwa yeyote, na mara nyingi imekuwa mzigo kwa mlipa kodi. La pili ni kwamba mwekezaji wa kigeni huja na hesabu zake, na hesabu hizo si lazima zilingane na za Rungwe.

Jumbo iliyopita Dar es Salaam

Vijana wengi hawakumbuki kwamba Tanzania iliwahi kuwa mbia wa shirika lililorusha jumbo. Baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ilianzisha shirika lake. Tanzania ilianzisha Air Tanzania, ATC, mwezi Machi mwaka huo. Mtaji ulikuwa mdogo, ndege zilikuwa chache na safari za mbali zilikuwa ndoto.

Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania, Uganda na Shirika la Ndege la Afrika Kusini, SAA, zikaungana katika shirika lililoitwa Alliance. Lilianza safari mwaka 1995 likitumia Boeing 747SP, jumbo iliyofupishwa kiwiliwili lakini yenye injini nne zile zile, iliyokodishwa kutoka SAA. Wazo lilikuwa kukusanya abiria wa nchi kadhaa ili wajaze ndege moja kubwa kwenda London.

Kwenye karatasi wazo hilo lilikuwa zuri. Kwenye uwanja wa biashara mambo yalikuwa magumu. Abiria hao hao walikuwa wakigombewa na British Airways, KLM na Kenya Airways, ambao walikuwa na safari nyingi zaidi kwa wiki. Injini nne hunywa mafuta hata viti vikiwa vitupu. Jumbo ikaachwa, ndege ndogo zaidi zikashika nafasi yake, lakini hasara haikukoma. Oktoba 2000 Alliance ilifungwa.

Kilichoikuta Alliance hakikuwa kisa cha Afrika peke yake. Jumbo ilianza kubeba abiria Januari 1970, na kwa miaka mingi ilikuwa alama ya heshima ya shirika. Ndege za injini mbili zilipoboreshwa zikaweza kuvuka bahari kwa mafuta kidogo zaidi, hesabu zikabadilika. KLM, British Airways na Qantas zote ziliacha kubeba abiria kwa jumbo mwaka 2020, janga la korona lilipoharakisha uamuzi uliokuwa ukisubiriwa. Jumbo ya mwisho kutengenezwa ilikabidhiwa kwa mnunuzi Januari 2023, nayo ilikuwa ya mizigo. Kwa maneno mengine, ndege hiyo ilikosa kazi ya kubeba watu kabla ya kukosa kazi ya kubeba mizigo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Miaka miwili baada ya Alliance kufungwa, Serikali ya Awamu ya Tatu chini ya hayati Rais Benjamin Mkapa ilikuwa katikati ya zoezi la kubinafsisha mashirika ya umma. ATC ilikuwa mojawapo. Mwishoni mwa mwaka 2002 SAA ilikubali kununua asilimia 49 ya hisa kwa Dola za Marekani milioni 20. Nusu ya fedha hizo ilikuwa thamani ya hisa, na nusu nyingine ilikuwa ya mtaji na mafunzo. Matarajio yalikuwa makubwa: Dar es Salaam ingekuwa kituo kikuu cha SAA upande wa Afrika Mashariki, ndege zingeongezeka na wataalamu wa Kitanzania wangepata ujuzi.

Ndoa hiyo haikudumu. Mwaka wake wa kwanza ulikwisha kwa hasara, na Serikali ikalalamika kwamba mpango wa biashara uliokubaliwa hautekelezwi. Mwaka 2006 Serikali ilizirudisha hisa zile mikononi mwake na shirika likaendelea kwa jina la ATCL.

Hapa kuna jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule. SAA yenyewe ilikuwa imetoka kuumwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1999 Afrika Kusini iliiuzia Swissair asilimia 20 ya SAA. Swissair ikaanguka Oktoba 2001, na mwaka 2002 Afrika Kusini ikalazimika kuzinunua tena hisa zake. Baadaye SAA ilizidiwa na madeni hadi ikawekwa chini ya wasimamizi wa kuiokoa Desemba 2019. Mpango wa kuuza asilimia 51 kwa wawekezaji binafsi ulitangazwa mwaka 2021, ukafutwa Machi 2024.

Kwa hiyo Tanzania ilimkaribisha mganga ambaye naye alikuwa akitafuta tiba. Kosa halikuwa kumkaribisha mgeni. Kosa lilikuwa kutouliza kwa kina mgeni huyo ana nguvu kiasi gani, anataka nini, na atafanya nini hasara ikianza. Shirika kubwa linaponunua hisa katika shirika dogo, mara nyingi linachotaka ni abiria wa kulisha safari zake kubwa. Abiria wa Dar es Salaam akipitia Johannesburg kwenda kwingineko, SAA imepata faida hata kama ATC imepata hasara. Ni jambo la kawaida katika biashara, na mkataba ndio unaopaswa kulidhibiti.

Baada ya hapo ATCL ilipita katika kipindi kigumu. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliisimamisha kuruka kutokana na masuala ya usalama, ikarejea mwezi uliofuata. Mazungumzo na wawekezaji wa China yalifanyika kwa muda mrefu bila kuzaa matunda. Airbus A320 iliyokodishwa kutoka nje ilifanya kazi kwa miezi michache, kisha ikabaki matengenezoni huku deni la kodi yake likiendelea kukua.

Jirani naye aliuza ndege

Upande wa Kenya hadithi ilianza vizuri zaidi. Kenya Airways iliuza asilimia 26 ya hisa zake kwa KLM kwa Dola milioni 26, na mwaka 1996 hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Kwa miaka kadhaa shirika hilo lilipata faida na kutajwa kama mfano wa ubinafsishaji uliofanikiwa. KLM ilikuwa na nguvu, ilikuwa na mtandao wa safari kupitia Amsterdam, na maua na mboga za Kenya zilikuwa zikihitaji nafasi katika ndege hizo kila usiku.

Kisha likaja wazo la kukua haraka. Ndege mpya ziliagizwa, zikiwamo Boeing 777-300ER zilizowasili kuanzia mwaka 2013 na Boeing 787 zilizoanza kuwasili Aprili 2014. Fedha nyingi zilikuwa za mkopo wa dola. Zilipofika, watalii walikuwa wamepungua kutokana na mashambulizi ya kigaidi, ugonjwa wa Ebola ukavuruga safari za Afrika Magharibi, na mashirika ya Ghuba na Ethiopia yakawa yanachukua abiria kwa bei nafuu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 Kenya Airways ilipata hasara ya Shilingi za Kenya bilioni 26.2.

Dawa ilikuwa chungu. Boeing 777 za zamani ziliuzwa, zile tatu mpya za 777-300ER zikakodishwa kwa shirika la Uturuki, na 787 mbili zikakodishwa Oman. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa: Serikali ya Kenya ikawa na asilimia 48.9, mabenki asilimia 38.1, na KLM ikashuka hadi asilimia 7.8. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya Shilingi za Kenya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya mwaka 2025 lilirudi kwenye hasara ya takriban bilioni 12, baada ya ndege tatu za 787 kulala chini. Wakati wote huo uongozi wake umekuwa ukitafuta mwekezaji wa kimkakati mwenye mtaji.

Ikumbukwe kwamba hata Kenya Airways ilipoyumba, maua na mboga za Kenya hazikuacha kusafiri. Nairobi ina ndege za mizigo za mashirika mengi, na wakulima wa Arusha kwa miaka mingi wamepeleka mazao yao huko kwa malori kupitia Namanga. Mkulima wa Naivasha hategemei bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege. Anategemea kuwapo kwa ndege nyingi zinazoshindana kubeba mzigo wake.

Hesabu ya Fuso

Ili kuelewa kwa nini hakuna aliyeleta ndege kubwa ya mizigo Songwe, haihitajiki shahada. Inatosha kuuliza mwenye Fuso anayebeba ndizi kutoka Kiwira kwenda soko la Mabibo.

Mwenye Fuso huanza na swali moja: nitarudi na nini? Akiwa na uhakika wa saruji, sabuni au bidhaa za madukani kutoka Dar es Salaam, humpunguzia mwenye ndizi nauli. Asipokuwa na mzigo wa kurudi nao, mwenye ndizi hulipa safari mbili. Swali la pili ni: mzigo utakuwepo kila wiki, au nitasubiri siku tatu ndizi zijae? Swali la tatu ni: ndizi zina thamani ya kutosha kulipa mafuta?

Ndege hupimwa kwa maswali hayo hayo, ila kila kosa hugharimu zaidi. Mwezi Juni 2023 ATCL ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kontena moja kubwa lenye ubaridi hubeba tani 22 hivi za parachichi. Maana yake ni kwamba ndege nzima ya mizigo, pamoja na marubani na mafuta yake yote, inabeba sawa na makontena mawili na nusu. Meli moja hubeba maelfu ya makontena.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mkulima wa Mwakaleli analipwa shilingi 1,800 kwa kilo ya Hass, na nauli ya ndege hadi Ulaya ni dola mbili kwa kilo. Kwa dola ya shilingi 2,500, nauli peke yake ni shilingi 5,000, karibu mara tatu ya bei ya shambani. Mnunuzi wa Rotterdam hawezi kulipa gharama hiyo wakati parachichi ya Peru na Kenya inamfikia kwa meli. Atakachofanya ni kuirudisha gharama hiyo kwa mkulima, au kutonunua kabisa.

Parachichi ya Hass ina bahati ya kuvumilia wiki tatu hadi nne baharini ikipozwa mapema na kuhifadhiwa vizuri. Ndiyo maana karibu dunia nzima huisafirisha kwa meli. Ndege ni ya mazao ambayo ama yanaharibika ndani ya siku chache, ama yana thamani kubwa kwa uzito mdogo: maharage machanga, njegere changa, maua, viungo, samaki wabichi. Rungwe yenye baridi na mvua za karibu mwaka mzima inaweza kulima baadhi ya hayo. Lakini kwa sasa mzigo wake mkubwa ni ndizi, viazi, chai na parachichi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoweza kulipa nauli ya ndege kubwa.

Upo pia ubaridi. Parachichi iliyokaa juani saa sita kwenye gari la wazi haiponyeshwi na ndege yoyote. Imeanza kuiva tayari, na itafika sokoni ikiwa laini. Hasara nyingi za msimu huanzia kati ya mti na chumba cha baridi, katika barabara za vijijini ambazo hazipitiki mvua ikinyesha.

ATCL ya leo na mfuko wa mlipa kodi

Tangu mwaka 2016 Serikali ya Awamu ya Tano chini ya hayati Rais John Magufuli, na baadaye ya Awamu ya Sita, ilichagua njia nyingine: kununua ndege kwa fedha za umma badala ya kumsubiri mwekezaji. Zilianza Bombardier Q400 mwaka 2016, ikafuata Boeing 787-8 ya kwanza Julai 2018, kisha Airbus A220, ndege ya mizigo na Boeing 737 MAX. Ndege hizo ziliwekwa chini ya umiliki wa Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL ikazikodi.

Faida yake imeonekana. Mfanyabiashara wa Tukuyu anayekwenda Dar es Salaam kununua vipuri anaweza kwenda na kurudi bila kulala barabarani siku mbili. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha pia gharama yake. Hasara ya ATCL ilikuwa Sh56.6 bilioni mwaka 2022/23, ikapanda hadi Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Sehemu ya tatizo ilikuwa injini za Airbus A220, zilizolazimu ndege kulala chini huku gharama nyingine zikiendelea. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia ATCL kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania.

Zuio hilo halimkatazi mkulima kuuza Ulaya, kwa kuwa mzigo wake unaweza kupanda meli au ndege ya shirika la nchi nyingine. Lakini linafunga mlango kwa wanaotumaini kwamba ndege ya taifa ndiyo itakayoufikisha mzigo huo huko moja kwa moja. Pia linapunguza thamani ya shirika mbele ya mwekezaji yeyote atakayekaribishwa siku zijazo. Anayeuza ng'ombe mgonjwa hupangiwa bei na mnunuzi.

Mkataba ukija tena

Kila ripoti ya hasara inapotoka, hoja ya kumtafuta mbia wa kigeni hurudi. Si hoja ya kupuuzwa. Sh91.8 bilioni ni fedha ambazo zingejenga barabara nyingi za kupitisha mazao, na mkulima anayelipa ushuru wa mazao na kodi katika mbolea, dizeli na sabuni ni mmoja wa wanaolipia.

Wakulima wa Rungwe wana uzoefu wa kutosha kuchangia mjadala huo. Viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli vilipobinafsishwa, mbia mwenye mtaji alichukua sehemu kubwa ya hisa na wakulima wadogo wakapata sehemu ndogo kupitia chama chao. Wanajua kwamba mwenye hisa chache hupata gawio pale tu linapokuwepo, na kwamba maamuzi ya kila siku hufanywa na mwenye hisa nyingi. Wanajua pia kwamba bila mtaji kiwanda husimama na majani yakaoza.

Kwa uzoefu huo, mkataba wowote wa shirika la ndege unapaswa kupimwa kwa maswali manne. Je, mbia ana afya ya kifedha mwenyewe, au anatafuta kuokolewa kama ilivyokuwa kwa SAA? Je, malengo ya safari na mizigo yameandikwa kwa tarehe na idadi, pamoja na adhabu ya kutoyatimiza? Je, hasara ikitokea nani atalipa? Na je, mkataba utawekwa mbele ya Bunge na wananchi kabla ya kusainiwa? Pasipo majibu, mgeni atakuja na kuondoka, na mwenyeji atabaki na deni.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, msimu haungoji mazungumzo hayo yaishe. Yapo yaliyo ndani ya uwezo wa vyama vya ushirika, Halmashauri za Rungwe na Busokelo na wanunuzi wenyewe: vituo vya kukusanyia matunda vyenye kivuli na ubaridi, kuvuna tunda lililokomaa badala ya kuwahi bei, kupima kwa mizani badala ya lumbesa, na kusaini mikataba inayotaja bei, daraja la tunda na siku ya malipo. Vikundi vinavyotaka kujaribu mboga za kusafiri kwa ndege vianze na kiasi kidogo, kwa mnunuzi aliyethibitishwa, kupitia nafasi iliyopo chini ya viti vya ndege za abiria. Nafasi hiyo ni ndogo, na mizigo ya abiria hutangulia, lakini ndipo mahali pa kuonyesha kwamba mzigo upo kila wiki.

Jumbo ya Alliance haikuondoka kwa kukosa rubani. Iliondoka kwa sababu viti na sehemu ya mizigo havikulipa mafuta. Siku Rungwe na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini zitakapokuwa na tani za uhakika kila wiki, zilizopozwa na kupangwa kwa madaraja, wenye ndege watafuata mzigo Songwe bila kubembelezwa, wawe wa taifa au wa kigeni. Hadi siku hiyo, kontena la baridi na barabara ya Uyole ndiyo ndege ya mkulima wa parachichi.